Monita moja inaumiza macho, ya jirani haiumizi: tatizo liko wapi?

Dada mmoja mhasibu aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi, nyuma ya Soko Kuu hapa Moshi, akiwa amebana monita kwapani kama mtu anayemrudisha kuku mgonjwa kwa aliyemuuzia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Fundi, hii kitu sitaki kuiona tena. Nikiikalia masaa mawili macho yanawaka, kichwa kinagonga hapa," akagusa juu ya nyusi ya kushoto. "Na ofisini wananiambia nadeka."

Walimwambia anadeka kwa sababu mwenzake wa meza ya pili alishaikalia monita hiyohiyo siku tatu na hakuona shida yoyote. Niliiwasha. Picha safi, hakuna mstari, hakuna doa, rangi ziko sawa. Fundi asiye na subira angemwambia mashine nzima, nenda. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimewaambia watu hivyo, na nadhani wengine niliwakosea.

Mtu akilalamika hivi mjini kwetu huwa anapewa ushauri wa aina mbili: zoea, au punguza mwanga. Yeye alikuwa ameshajaribu kuzoea. Mwanga naye alikuwa ameshaushusha mpaka kwenye 20, kutoka 80 aliyoikuta. Hilo la mwanga lishike, nitalirudia, maana ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Nilimwomba airudishe monita ofisini. Maumivu ya macho hayakai ndani ya monita peke yake. Yako pia kwenye meza, dirisha, taa ya dari, waya, na kwenye jicho lenyewe. Jumamosi nikaenda. Ofisi iko ghorofani, dirisha kubwa linatazama mashariki, na meza yake imewekwa ili akikaa dirisha liwe nyuma ya monita. Asubuhi kwa hiyo anatazama herufi ndogo za Excel huku pembeni yake jua linawaka. Nikalinote hilo, sikuligusa. Nilichofanya siku hiyo ni kimoja tu: nilibadilishana monita za meza mbili. Waya uleule, kompyuta ileile, kiti kilekile. Mafundi wengi tunaharibu uchunguzi hapa. Tunabadilisha waya, tunakuza herufi, tunageuza meza, yote siku moja, halafu macho yakipona hatujui kilichoyaponya.

Jumatano akanipigia. Kichwa kilikuwa kimeacha kugonga. Ila kufikia saa tisa mchana macho bado yalikuwa kama yana mchanga. Basi wakosaji walikuwa angalau wawili, na mmoja wao alikuwa ndani ya ile monita.

Kabla sijamfikia huyo wa ndani ya monita, niwaondoe kwanza baadhi ya watuhumiwa.

Mwanga wa bluu ndio unaosingiziwa kuliko wote, na vijana wanaotembeza miwani ya kuuchuja wanaupenda sana. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane, inayokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, ilipitia majaribio 17 ya miwani hiyo na haikuona dalili kwamba inapunguza uchovu wa macho wa kutumia kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Mwanga wa bluu unaotoka kwenye skrini ni kidogo mno ukilinganisha na ule unaokupiga ukivuka barabara kwenda kununua chapati. Usiku unaweza kuchelewesha usingizi, hilo ni jambo jingine. Monita zote mbili za pale ofisini zilikuwa na bluu yake. Moja iliumiza, nyingine haikuumiza.

Waya sikuweza kumwondoa haraka hivyo. Kompyuta nyingi za mitumba zinazofika kwetu zinakuja na waya wa VGA, ule wa buluu wenye skrubu mbili. Waya huo haupeleki tarakimu, unapeleka mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, na monita inabidi ikisie ni wapi nukta moja ya picha inaishia na nyingine inaanzia. Ikikosea kidogo tu, kila herufi inapata kivuli chembamba upande wa kulia, na namba zinatikisika kwa namna ambayo huioni mpaka usogeze pua karibu. Nilisogeza. Kwenye kisanduku cha jumla, 8 na 3 zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Jicho likikutana na ukingo usio mkali linajaribu kuukaza, linashindwa, linajaribu tena, na misuli inayovuta lenzi haipumziki. Wiki iliyofuata niliwawekea waya wa DisplayPort, unaopeleka tarakimu, namba zikasimama. Kama huna tundu la waya huo wala la HDMI, bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye monita huku ukurasa mweupe wenye maandishi umejaa skrini. Itajipanga upya, na mara nyingi hiyo inatosha.

Jirani wa tatizo hilo ni skrini iliyowekwa vipimo visivyo vyake. Paneli ina nukta 1920 kwa 1080, mtu kaiweka 1366 kwa 768 ili herufi ziwe kubwa. Nukta hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo kila ukingo unapakwa ukungu. Rudisha vipimo vyake vya asili, kisha ukuze herufi kwa asilimia kwenye mipangilio. Ukubwa nao una mambo yake. Monita ya inchi 24 yenye nukta hizo ina nukta kama 92 katika kila inchi, ya inchi 27 inashuka mpaka 82 hivi. Watu wananunua kubwa wakidhani macho yatapumzika, wanapata herufi zenye meno.

Zipo pia skrini zenye utando wa kuzuia mng'ao uliokwaruzwa vibaya, weupe wake unaonekana kama una chenga za sukari. Hizo huwa nazitambua kwa kuzitazama tu, sina la kuongeza.

Sasa ile monita.

Monita bapa nyingi za leo hazitoi mwanga kwenye nukta zake. Nukta ni vifunikio vidogo vya rangi, na nyuma yake kuna taa, siku hizi ni LED, inayowaka muda wote. Kwa hiyo mambo mawili tofauti yanatokea kwa wakati mmoja. Picha inabadilishwa, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, na hilo halisumbui kwa sababu nukta hukaa na rangi yake mpaka ipewe nyingine. Monita za chogo hazikuwa hivyo. Zenyewe kila picha ilipigwa na kufifia, na ndiyo maana zamani tulizitoa kwenye 60 tukaziweka 75 au 85, na watu wakashukuru. Ukimwuliza fundi leo kuhusu kucheza kwa skrini atakujibu kwa hesabu za enzi hizo, atakuambia monita bapa haichezi. Picha kweli haichezi. Taa ya nyuma ndiyo inayoweza kucheza.

Utapunguzaje mwanga wa taa ya LED? Njia moja ni kupunguza umeme unaoipita, nayo inawaka kwa utulivu, hafifu zaidi. Njia ya pili ni rahisi kuitengeneza na haipotoshi rangi: unaiacha taa ikiwaka kwa nguvu zake zote, lakini unaiwasha na kuizima haraka. Ukitaka nusu ya mwanga, iwake nusu ya muda. Ukitaka 20, iwake sehemu moja ya tano, sehemu nne iwe giza. Jicho linajumlisha, linaona mwanga mdogo uliotulia. Wahandisi wanaiita PWM.

Taa za tyubu nyembamba zilizokuwa nyuma ya monita bapa za mwanzo nazo mara nyingi zilipunguzwa hivyo, lakini unga unaong'aa ndani ya tyubu ulichelewa kufifia, na kingo za kuwaka na kuzima zikalainika. LED haina huruma hiyo. Ikizimwa imezimika palepale. Kuanzia 2009 na 2010 hivi watengenezaji walipohamia LED kwa wingi, malalamiko ya macho yalihamia nao.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Jaribio lenyewe halina gharama. Tengeneza picha nyeusi yenye mstari mmoja mwembamba mweupe unaosimama katikati, ijaze skrini nzima, zima taa za chumba. Chukua simu yenye kamera inayokuruhusu kupanga muda wa kupiga, weka sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisha piga picha huku unavuta simu kando kwa haraka, kutoka kushoto kwenda kulia. Kama taa imetulia, ule mstari utatandazwa kuwa utepe mweupe usiokatika. Kama inacheza, utapata chana: mistari mingi iliyopangana na giza katikati. Ihesabu, zidisha kwa kumi.

Kwenye mwangaza wa 100 monita ya dada ilitoa utepe. Kwenye 80 utepe ulikuwa na mikato myembamba. Kwenye 20, pale alipoiweka yeye ili macho yapumzike, nilihesabu mistari 24, myembamba kama miba ya samaki, na giza pana kati yao. Mara 240 kwa sekunde. Kila mara taa iliwaka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha ikafuata giza la mara nne ya muda huo. Ile ya mwenzake ilitoa utepe kwenye 100, utepe kwenye 50, utepe kwenye 5.

Kama simu yako haina mpangilio huo, pungia kalamu mbele ya skrini nyeupe gizani. Kivuli kikiwa ukungu mmoja, taa imetulia. Ukiona kalamu nyingi zimesimama kama vidole, inacheza.

Kwa hiyo ushauri aliopewa ulikuwa sumu kwake. Kila alipoona macho yanauma alishusha mwanga, na kila aliposhusha, vipindi vya giza vilirefuka.

Hapa msomaji atauliza: mara 240 kwa sekunde, nani anaiona? Ukiwa umetulia umetazama skrini nyeupe, huioni. Uwezo wa jicho kuona taa iliyotulia mahali ikiwaka na kuzima huishia kati ya mara 50 na 90 hivi. Lakini jicho linalosoma halitulii. Linaruka kutoka neno hadi neno, mara tatu au nne kila sekunde, na kila mruko unachukua kama sehemu tatu za mia za sekunde. Katika muda huo taa ya mara 240 inawaka mara saba. Kila mwako unaangukia sehemu tofauti nyuma ya jicho, kwa hiyo neno moja linapigwa mhuri mara saba mfululizo, kama mstari wangu kwenye picha ya simu. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza, Roberts na Wilkins, walionyesha kwamba jicho likiwa linaruka watu wanaweza kutambua mwanga unaocheza hata ukipita mara 1,000 kwa sekunde. Ubongo unafuta mengi ya haya kabla hujayafahamu. Kufuta nako ni kazi, na watu hawalingani katika kuifanya.

Wilkins huyohuyo alikuwa ameshaligusa jambo hili kwa njia nyingine mwaka 1989, yeye na wenzake. Walichukua ofisi zenye taa za tyubu. Tyubu ya kawaida, ile yenye choki na stata, inacheza mara mbili ya mzunguko wa umeme, na kwa umeme wa mizunguko 50, kama wa Uingereza na wa kwetu, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Walipobadilisha choki zikawa za elektroniki zinazocheza maelfu ya mara, bila wafanyakazi kujua ipi ni ipi, wastani wa maumivu ya kichwa na macho ulishuka kwa zaidi ya nusu. Lakini si kwa wote. Wengi hawakuwa na maumivu ya kutajika tangu mwanzo, na wachache ndio waliokuwa wanabeba mzigo mkubwa. Huyo ndiye dada wa kwetu, na yule mwenzake ni wale wengi. Hakuna aliyedeka na hakuna aliyedanganya. Baadaye nilimwuliza kama ana historia ya kipandauso, akasema tangu sekondari. Watu wa kipandauso wanajulikana kwa kutostahimili mwanga unaocheza.

Mwaka 2015 chama cha wahandisi IEEE kilitoa mwongozo wake namba 1789 kuhusu LED zinazocheza. Kwa taa inayozimika kabisa kila mzunguko, hatari inahesabiwa kuwa ndogo ikifika mara 1,250 kwa sekunde, na ikifika 3,000 athari haitarajiwi. Linganisha na 240. Simu nyingi za OLED, zile ambazo nukta zake zinawaka zenyewe, nazo ziko kwenye 240 au 480 mwanga ukishushwa, kwa hiyo wewe unayesoma haya kitandani huku umeweka mwanga wa chini kabisa, umeelewa.

Bado kuna watu wanaoumia kwenye monita isiyo na PWM hata chembe. Inayotuhumiwa hapo ni mbinu ya kughushi rangi. Paneli za bei nafuu zina ngazi 64 tu za kila rangi ya msingi, jumla rangi 262,144, lakini zinatangazwa kuwa na milioni 16.7. Ngazi zinazokosekana zinaigizwa kwa kubadilisha nukta haraka kati ya ngazi mbili jirani. Inaingia akilini kwamba mtu mwenye jicho jepesi angesumbuka. Kwa sasa malalamiko ni mengi kuliko vipimo, na mimi sijamwona mteja ambaye ningeapa kwamba hilo ndilo lililomuumiza.

Tiba ya dada ingeweza kuwa hii: paneli ibaki kwenye 100, mahali ambapo taa haizimiki, kisha mwanga upunguzwe kwenye picha yenyewe, kwa kushusha kontrasti au kwa mipangilio ya kadi ya picha. Vifunikio vinajifunga kidogo, taa inaendelea kuwaka kwa utulivu. Unapoteza ukali kidogo wa picha. Tulijaribu, ikafaa, lakini jioni ilibaki kali kwake. Mwishowe tulifanya lililo rahisi zaidi, zile monita zikabaki zilivyobadilishana. Meza nayo tukaigeuza, dirisha likawa ubavuni.

Ukinunua, usiamini sura. Monita mbili za jina moja zinaweza kuwa na paneli au saketi ya taa tofauti ndani, na mwenye duka la mitumba hana namna ya kujua. Maandishi ya "flicker-free", yaani haichezi, kwenye boksi yana maana, hasa yakiambatana na nembo ya maabara kama TÜV Rheinland, ila mitumba haiji na boksi. Nenda na simu yako, na picha ya ule mstari kwenye flashi, omba waishushe mwanga hadi 20, piga. Mangi wa dukani atakushangaa. Mwache ashangae.

Ukabaki ule mchanga wa saa tisa mchana. Huo haukuwa wa monita. Mtu asiye na kazi ya skrini anapepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi hiyo inashuka mpaka tano au saba, na nyingine zinakuwa nusu kope. Uso wa jicho unakauka. Feni ya mezani ilikuwa inampiga usoni moja kwa moja, na Januari Moshi hakuna atakayekubali kuizima. Tuliishusha ikapiga kifuani.

Halafu miwani. Ana miaka 43 na alikuwa amejinunulia ya barabarani, +2.50. Lenzi hiyo, kwa jicho ambalo halijikazi tena, inaona wazi kwenye sentimita 40, umbali wa kusoma gazeti. Monita iko mbali zaidi. Ndiyo maana alikuwa anainama mpaka kidevu kinakaribia kibodi, halafu analalamika shingo. Nilimwambia akienda kupima macho, hospitali ya KCMC au popote, asiseme tu anatumia kompyuta. Aazime futi ya fundi cherehani, akae kama anavyokaa siku zote, mtu mwingine apime kutoka kona ya jicho mpaka skrini, na namba hiyo aende nayo. Ilikuwa sentimita 67. Lenzi ya umbali huo inakaribia +1.50, na alirudi na karatasi inayosema hivyohivyo.

Siku nilipopita kuchukua hela yangu ya waya, yule mwenzake alitaka kuona hicho kinachosemwa kuhusu monita yake mpya. Nikazima taa, nikaweka mstari mweupe, nikampa simu avute mwenyewe. Akakuza picha kwa vidole, akahesabu kwa sauti mpaka 24, akaguna. Kisha akawasha taa akaendelea na Excel, ritani za VAT zilikuwa zinatakiwa tarehe 20.